Hakimiliki ya Taji: nyaraka za serikali ya Kanada ni mali ya nani?

Nchini Kanada, ripoti iliyoandikwa na mtumishi wa wizara, kwa mshahara unaotokana na kodi za wananchi, kisheria si mali ya wananchi. Ni mali ya Taji. Neno hili halimkusudii mfalme kama mtu binafsi, bali dola, kwa kuwa Kanada ni ufalme wa kikatiba na serikali zake, ile ya shirikisho na zile za majimbo, hufanya kazi kwa jina la mfalme. Haki ya dola juu ya ripoti, ramani na picha zake ndiyo huitwa hakimiliki ya Taji.

Chimbuko lake ni kifungu cha 12 cha Sheria ya Hakimiliki, iliyotungwa mwaka 1921 kwa kufuata nyayo za sheria ya Uingereza ya mwaka 1911. Kazi yoyote iliyotayarishwa au kuchapishwa na idara ya serikali, au chini ya maelekezo au udhibiti wake, ni ya Taji, isipokuwa pawe na makubaliano mengine na mtunzi. Haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya kumalizika mwaka ambao kazi ilichapishwa mara ya kwanza. Tazama vizuri hesabu hiyo: miaka huanza kuhesabiwa pale waraka unapochapishwa, kwa hiyo waraka uliobaki kabatini hautoki kamwe katika miliki ya Taji. Jirani yake Marekani imekwenda njia nyingine kabisa, kwani kazi za watumishi wa serikali yake ya shirikisho hazina hakimiliki nchini humo.

Uhusiano wa jambo hili na uwajibikaji unaonekana mtu anapoomba nyaraka. Sheria ya kupata taarifa, inayotumika tangu mwaka 1983, inamruhusu mwananchi kudai kumbukumbu za wizara kwa ada ya dola 5. Sheria ya Hakimiliki nayo inasema kwamba ofisa anayezitoa chini ya utaratibu huo havunji hakimiliki, lakini papo hapo inaongeza kwamba aliyezipokea hapati kwa sababu hiyo ruhusa ya kufanya mambo yaliyo haki ya mmiliki peke yake. Kwa lugha nyepesi, amepewa asome, hakupewa anakili. Zama za karatasi tofauti hiyo haikumsumbua mtu sana. Leo, kuuweka waraka kwenye intaneti ili wengine wausome ni kunakili na kusambaza kwa wakati mmoja.

Si kwamba milango yote imefungwa. Amri ya mwaka 1997 inaruhusu mtu yeyote kunakili sheria za shirikisho na hukumu za mahakama za shirikisho bila kuomba ruhusa wala kulipa, mradi nakala iwe sahihi na isijifanye kuwa ndiyo rasmi. Takwimu nyingi hutolewa chini ya leseni ya serikali wazi, yaani kibali cha jumla cha kuzitumia bure. Mwandishi wa habari na mtafiti wana kinga ya matumizi ya haki, yaani kutumia kazi kwa kiasi na kwa uadilifu bila idhini ya mmiliki, ambayo Mahakama ya Juu iliieleza mwaka 2004 kuwa ni haki ya mtumiaji, si upendeleo. Hata hivyo kinga hutetewa mahakamani, na mwenye gazeti dogo hana fedha za wakili.

Mwaka 2019 mahakama hiyohiyo ilikitazama kifungu cha 12 kwa undani. Wapima ardhi wa Ontario walilalamika kwamba ramani zao, baada ya kusajiliwa, ziliwekwa katika mfumo wa kielektroniki na kuuzwa nakala zake na kampuni ya Teranet inayouendesha kwa niaba ya jimbo. Walishindwa: majaji walikubaliana kwamba hakimiliki ni ya Taji, kwa kuwa serikali ndiyo inayodhibiti uchapishaji wa ramani hizo.

Wakutubi wanaohifadhi kurasa za serikali kabla hazijafutwa wamedai mara nyingi kifungu hicho kirekebishwe au kifutwe. Bunge lilipoifumua sheria mwaka 2012, mjadala ulitawaliwa na kufuli za kidigitali, yaani vizuizi vya kiufundi dhidi ya kunakili. Mwishoni mwa mwaka 2022 ulinzi wa watunzi wa kawaida ulirefushwa, kutoka miaka 50 hadi 70 baada ya kifo, kutokana na mkataba wa biashara na Marekani na Meksiko. Mara zote mbili kifungu cha 12 kiliachwa kama kilivyokuwa.