Kabla hujaagiza ile fimbo ya Kijapani yenye upanga ndani

Hapa kitengo cha silaha za kale makumbusho tunaulizwa sana kuhusu hii kitu. Mtu ameona tangazo, fimbo ya kutembelea ya kawaida kabisa, ukivuta kichwa unatoka upanga, Wajapani wanaiita shikomizue, na anataka replika ya kweli siyo pambo la ukutani. Swali linalokuja ni bei. Mimi huwa nauliza kwanza, wewe unakaa wapi?

Maana mwaka 1876 serikali ya Meiji huko Japani ilipiga marufuku watu kutembea na panga hadharani, wakabakiziwa wanajeshi, polisi na wakubwa kwenye shughuli rasmi, na ndipo hizi fimbo zikashika chati, samurai wa jana anatembea mjini na mkongojo tu. Yaani umaarufu wake wenyewe ulitokana na kukwepa sheria, kwa hiyo usishangae sheria za leo kuikodolea macho kuliko katana, ule upanga wa samurai unaobebwa wazi.

Uingereza imekatazwa kuuza na kuingiza tangu 1988, na tangu 2021 hata kuwa nayo tu chumbani ni kosa, labda iwe ya kale, zaidi ya miaka 100, na replika mpya haiwezi kuwa hivyo hata muuzaji aapeje. Ujerumani nayo hairuhusiwi. Marekani inategemea jimbo, California ukikutwa nayo unaweza kwenda jela. Na Japani kwenyewe, hapo ndipo watu wanachoka kabisa, upanga wa chuma lazima uwe na cheti cha usajili na kinatolewa kwa kazi za sanaa za kijadi, replika ya kiwandani kutoka nje haipati, ndiyo maana wenzetu wa huko wanafanyia mazoezi panga za aloi ya zinki na alumini zisizonoleka. Kwetu Afrika Mashariki ukitembea nayo barabarani jiandae kujieleza polisi, na "ni fimbo tu afande" haitakusaidia ikishachomolewa.

Haya, tuseme unapokaa inaruhusiwa. Usibabaishwe na makali, karibu kila kitu kinaweza kunolewa. Angalia mpini. Chuma kinaingia kiasi gani ndani ya mpini? Za bei chee wanachomelea kijiti chembamba kama msumari kwenye kitako cha upanga, siku unakata kitu kigumu upanga unaruka na wewe unabaki na mpini mkononi, na unaruka kumwelekea nani hujui. Inayofaa, bapa lenyewe linaendelea ndani likiwa pana, halafu kinapita kijiti cha mwanzi kukaza chuma na mbao. Mwambie muuzaji akupe picha ya mpini ukiwa umefunguliwa. Akizungusha maneno, achana naye. Ikifika, itikise karibu na sikio, ikigonga-gonga ndani usiitumie.

Chuma iwe ya kaboni, wengi huandika 1045 au 1060, ni namba za kiasi cha kaboni, hiyo ya pili inashika makali vizuri zaidi. Zile za chuma isiyoshika kutu, kwa urefu huo, ni za kutundika. Ila ya kaboni inapata kutu haraka, hasa pwani, kwa hiyo ifute na kupaka mafuta mepesi. Mafuta ya kijadi ya Wajapani kwa kazi hii yana karafuu, watu wa Pemba mtafurahi.

Sasa hatari yake ambayo tangazo halisemi. Haina kinga ya mkono, ukichoma kitu kigumu vidole vinateleza vyote kwenye makali. Halafu kwa kuwa fimbo ni duara huwezi kujua makali yapo upande gani, na ala ni vipande viwili vya mbao vilivyounganishwa kwa gundi, ukichomoa vibaya makali yanapasua maungio na kukuta kiganja chako hapohapo. Weka alama ndogo upande wa mgongo wa upanga, kiganja kikae upande huo, na uvute taratibu bila mbwembwe.

Na kuiegemea kama mkongojo usithubutu, replika nyingi hazibebi uzito wa mtu, pale mpini unapokutana na ala panalegea na siku moja inafunguka unashuka ngazi. Mzee anahitaji mkongojo? Mnunulie mkongojo.

Mwisho ni forodha. Kuna wauzaji wanakwambia "tutaandika fimbo ya kutembelea kwenye fomu, usiwe na wasi". Kataa. Mzigo una jina lako, mashine ya eksirei inaona chuma mle ndani, na atakayeitwa kueleza ni wewe, muuzaji yuko nchi nyingine na hela yako ameshakula.