Droo ya sabuni kwenye mashine ya kufulia: tunavyodhani na ilivyo

Buibui la wifi yangu, hapa Jang'ombe, Unguja, lilitoka kwenye mashine na mabaka meupe mabegani, utadhani limemwagiwa unga. Akalifua tena, akaongeza sabuni. Mabaka yakazidi. Tulipoivuta droo tukakuta donge la sabuni limeganda kwenye kichumba chenye alama ya I.

Wengi tunadhani kichumba chochote ni sawa, kwa kuwa maji yatapita kote. Hayapiti kote. Kichumba cha I ni cha ufuaji wa awali tu. Usipouchagua, sabuni uliyoitia humo hubaki palepale, na ukiuchagua, sabuni hiyo humwagwa na maji machafu kabla nguo hazijafuliwa hasa. Sabuni ya kila siku inakaa kwenye II. Usiende kwa kushoto au kulia, maana mashine hazifanani, tazama alama.

Kile chenye ua ni cha dawa ya kulainisha nguo. Hapa ndipo watu hujaza mpaka juu, wakidhani nguo zitanukia zaidi. Mle ndani mna mstari wa mwisho na kijibomba kidogo. Dawa ikiuvuka mstari, kijibomba huanza kuivuta saa ileile, ikaingia nguo zikiwa bado kwenye sabuni. Sabuni na dawa hiyo haziivani: hushikana, kila moja ikaipunguzia mwenzake nguvu. Dawa inatakiwa iingie kwenye suuzo la mwisho. Na taulo msizitie kabisa, huacha kunyonya maji.

Imani ninayoisikia kuliko zote ni kwamba povu jingi ndio usafi. Imetokana na kufua kwa mkono, tena na maji yetu. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji ya visima vingi yana chokaa na sabuni haitoi povu upesi. Ukikinga ya mvua wakati wa masika unaiona tofauti palepale. Kwa hivyo mkono umezoea kuongeza. Lakini mashine ya mlango wa mbele husafisha kwa kuziinua nguo na kuziangusha. Povu likijaa, nguo zinaangukia kwenye povu kama kwenye mto wa kulalia, hazisuguani, na maji ya kusuuza hayalimalizi. Tumia sabuni ya mashine, kwa kipimo cha pakiti; maji yakiwa magumu, fuata kipimo kilichoandikwa kwa maji hayo, usikisie.

Presha ya maji nayo huponza. Maji yakija kwa kudondoka, unga hausombwi wote. Safisha kichujio kidogo pale mpira unapoingia kwenye mashine, baada ya kufunga bomba.

Na wale wanaofunga droo wakishamaliza kufua, kwa kuogopa vumbi: kwa unyevu wa huku, mnafuga ukungu. Iacheni wazi. Kila mwezi bonyeza kile kitufe cha ndani, itoe yote, isugue kwa mswaki wa zamani na maji ya moto. Ukitumia siki, jiki isiwe karibu. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na hiyo inaunguza mapafu.

Buibui la wifi tulilisuuza mara mbili kwa maji matupu, bila hata punje ya sabuni. Ijumaa alilivaa, jeusi tititi.