Safari ya kundi, fukwe na wanyama: yale tunayodanganyana kwenye grupu

Kila kundi la safari lina yule mmoja anayejua kila kitu. Siku tatu kabla ya kuondoka ameshamwaga ushauri kwenye grupu la WhatsApp, watu wanaweka dole gumba, hakuna anayehoji. Nimeshasafiri na makundi ya kutosha, bahari na mbuga kwenye safari moja, na mengi yanayosambazwa humo sio kweli, mengine yanachekesha tu ila mengine yanaua.

Linaloua ni hili: "ogeleeni pale pasipo na mawimbi, ndo salama". Sasa sikia, mawimbi yakishafika ufukweni yale maji lazima yarudi, na mara nyingi yanarudi kwa kupitia kijia kimoja chembamba, huo mkondo ndo unaouona kama sehemu tulivu katikati huku kulia na kushoto mawimbi yanavunjika. Ukiwa mkali unaweza kupita mita 2 kwa sekunde, hata bingwa wa Olimpiki hauwezi. Halafu wengine wanaamini unakuvuta chini, hapana, unakupeleka mbali na ufuo tu, watu wanazama kwa sababu wanang'ang'ana kurudi moja kwa moja mpaka nguvu zinaisha. Elea, vuta pumzi, ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye mkondo ndo urudi. Na msijidanganye eti tuko kumi na tano mtu akizama tutamsikia, anayezama kweli mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono, mdomo uko majini atapigaje kelele? Anaondoka kimyakimya wenzake wanapiga selfi pembeni na kila mmoja anadhani mwenzake ndo anaangalia. Kwa hiyo gawaneni wawiliwawili, kila mtu ajue wake ni nani.

Linalofanana na hilo, "jana saa nne tulitembea mpaka kule kwenye mwamba, na leo saa nne tunaenda". Maji hayafuati saa yako. Kujaa na kupwa kunasogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo kwenye fukwe nyingi baada ya wiki moja, saa ileile uliyopita kwa miguu unakuta maji ya kukufunika. Na ikiwa bamvua, yaani mwezi mpevu au mwezi mwandamo, bahari inapwa sana na kujaa sana, msipoangalia mnabaki mwambani mnaitana majina.

Papa nao wanaogopwa bure. Miaka mingi watu wanaouawa na papa dunia nzima hawafiki hata kumi kwa mwaka, wakati malaria peke yake mwaka 2023 iliua karibu watu 600,000. Na usiniambie mbu anauma usiku tu, wa malaria ndo wa usiku, yule wa dengi anauma mchana kweupe umekaa zako kivulini.

Mawingu hayazuii jua kukuunguza, miale inapenya mawingu mepesi hadi asilimia 80, na hata nusu mita chini ya maji bado ina kama asilimia 40 ya ukali wake wa juu, ndo maana mtu anashinda kutwa akiangalia samaki kifudifudi halafu usiku analala kwa tumbo, mgongo haugusiki. Vaa fulana ya mikono mirefu majini.

Konyeza akikuchoma usikubali mtu akukojolee, tafadhali. Mkojo hauponyi, na hata maji baridi ya bomba yanaweza kufyatua sumu iliyobaki kwenye ngozi. Suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi, halafu maji ya moto unayoweza kuvumilia.

Matumbawe sio mawe ya kusimamia upige picha. Ni wanyama, mengine yanakua chini ya sentimita 2 kwa mwaka, kwa hiyo teke lako moja la sekunde linabomoa miaka. Na ule mchanga mweupe mnaousifia, sehemu yake kubwa kwenye fukwe nyingi za tropiki umetoka tumboni mwa pono, anatafuna matumbawe na kunya mchanga. Huyuhuyu wa usingizi wa pono.

Kwa mnaopanga ratiba, kuzamia na mitungi siku ya mwisho asubuhi na ndege jioni, futa. Ukizamia mara moja subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, ukizamia mara kadhaa saa 18, la sivyo naitrojeni iliyobaki mwilini inatengeneza mapovu ukiwa angani.

Tukija kwa wanyama, "tukiwa wengi ndo tutaona wengi", wapi! Watu ishirini wanacheka na kubamiza milango ya gari wataona mikia tu. Pia mnaamka saa tatu, mnakunywa chai kwa raha, halafu mnalalamika simba amelala. Simba analala hadi saa 20 kwa siku, bwana, mfuate alfajiri. Nyani akikuonyesha meno hatabasamu, ameogopa au anakutisha, na ukimpa chakula umemfundisha kumnyang'anya mgeni wa kesho, tena akikung'ata osha kwa sabuni na maji dakika 15 halafu hospitali moja kwa moja kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Na vitoto vya kasa, hili huwa naligombania kila safari. Watu wanaona huruma wanavibeba mpaka majini. Viache vitambae vyenyewe. Vinafuata mwanga wa upande wa bahari, ukiwasha tochi au fleshi vinageuka vinakufuata wewe. Zima simu, kaa nyuma yao, subiri.