Klorini si dawa ya mbu: ninayoyasikia kwenye mabwawa ya kuogelea ya Arusha na Moshi

"Fundi, mbu watazalianaje humu wakati klorini nimeweka?"

Swali hili naulizwa Njiro, naulizwa Sakina, naulizwa Shanty Town kule Moshi. Masika yakianza ndiyo linaongezeka. Na karibu kila mara anayeuliza amesimama pembeni ya maji yaliyotulia tuli, pampu imezimwa, majani ya mjakaranda yanaelea kwenye kona. Juzi nimeulizwa tena na mama mmoja aliyemwaga ndoo nzima ya klorini ya unga jioni moja. Watoto waliwashwa macho, nguo za kuogelea zikapauka, na mbu hawakupungua hata kidogo. Nimeona niandike, maana watu wanapoteza pesa na wanaumiza watoto kwa imani isiyo na msingi.

Klorini ya bwawa inatakiwa iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa kila lita ya maji. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya bakteria na virusi, vimelea vidogo visivyo na kinga ya maana. Kiluwiluwi, yaani mtoto wa mbu anayeishi majini, ni mdudu kamili. Ana ganda la nje, na hewa anaivuta juu ya maji kwa mrija ulio mkiani, haitegemei ile iliyomo ndani ya maji. Kwa kipimo hicho anaweza kuishi akakua. Ukitaka klorini imuue kwa uhakika, lazima upandishe kiwango hadi mahali ambapo hakuna binadamu anayepaswa kuingia. Kwa hiyo mtu anayeniambia "ongeza dozi, fundi" ananiomba nifanye bwawa lake lisiogeleke ili nimuue mdudu ambaye ningemwondoa kwa kuwasha swichi.

Tena hiyo miligramu 1 hadi 3, wengi hawanayo. Klorini isiyo na kinga ya jua huliwa na mwanga: ukiiweka asubuhi siku ya jua kali, hadi mchana sehemu kubwa imeshaondoka. Halafu kuna suala la pH, kipimo cha uchachu au ualkali wa maji. Klorini inafanya kazi vizuri pH ikiwa 7.2 hadi 7.6. Ikifika 7.5, karibu nusu tu ya klorini ndiyo ina nguvu, na ikifika 8 inabaki kama robo. Maji ya visima vingi vya Arusha yana ualkali mwingi, ni maji yaleyale yenye floridi inayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Ukijaza bwawa kwa maji ya kisima usipime pH, unamwaga klorini nyingi inayolala usingizi. Kipimo cha matone ni cha bei ndogo kuliko ndoo moja ya dawa. Nunua kipimo kwanza, ndoo baadaye.

Sasa mbona bwawa linalotunzwa vizuri halina mbu? Kwa sababu maji yake yanatembea. Mbu jike wa aina ya Culex, yule anayetusumbua usiku, hutua juu ya maji na kutaga mayai 100 hadi 300 yaliyoshikana kwa pamoja, yanaelea kama kipande kidogo cha masizi. Anahitaji uso uliotulia. Viluwiluwi nao wakitoka lazima waning'inie kwenye uso huo wavute hewa, na mawimbi madogo tu ya pampu yanawavuruga. Isitoshe, kile kisanduku cha ukutani kinachonyonya takataka kinavuta mayai na viluwiluwi moja kwa moja hadi kwenye chujio, na mchanga wa chujio hauna huruma nao. Jambo jingine ni chakula. Viluwiluwi wanakula ukijani, bakteria na majani yanayooza. Hapo ndipo klorini ina kazi yake: inaua ukijani, kwa hiyo inawanyima chakula. Lakini klorini isiyozungushwa na pampu inakaa pale ulipoimwaga, na kona ya ngazi inabaki na ukijani wake.

Najua tatizo liko wapi. Ni LUKU. Watu wanazima pampu kuokoa umeme, kisha wanatafuta dawa ya kufanya kazi ya pampu. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Bwawa la mita 10 kwa 5, kina cha wastani cha mita moja na nusu, lina lita 75,000. Pampu ya kusukuma lita 12,000 kwa saa inayazungusha yote kwa saa sita na kidogo. Saa sita hizo si lazima ziwe za mfululizo, na hapa nina ushauri ambao kila mteja wangu ameshachoka kuusikia: zigawe. Saa tatu ziwe za mchana, ili dawa ichanganyike wakati jua linaila. Saa tatu nyingine anzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, kwa sababu giza linapoingia ndipo Culex wengi wanatafuta maji ya kutagia. Wakute maji yanacheza. Umeme ni uleule, unit ni zilezile, ila bwawa linakuwa mahali pabaya pa kutagia.

Na usiniamini mimi, jipime mwenyewe. Chukua bakuli jeupe la plastiki. Nenda nyuma ya ngazi, au mdomoni mwa kile kisanduku cha takataka, au kwenye kona ambayo upepo unasukumia majani. Lisogelee taratibu, kivuli chako kisitangulie, maana wakiona kivuli wanazama. Chota kwa haraka, kisha uliache bakuli litulie dakika moja. Kama wapo utawaona wakipanda juu wakijipindapinda. Wakining'inia kichwa chini na mkia juu, hao ni Culex au Aedes, aina nyingine ya mbu. Wakilala sambamba na uso wa maji, hao ni Anopheles, jamaa wa malaria. Ukiwaona mviringo, wameinama na hawali kitu, hao ni pupa, na umebakiwa na siku mbili tatu tu kabla hawajaruka.

Muda nao unategemea ulipo. Moshi mjini, kwenye mita 800 na ushee, msimu wa joto yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Arusha iko karibu mita 1,400, na baridi ya Julai inawachelewesha hadi wiki mbili au zaidi. Pampu ikiharibika siku tatu, usihangaike sana. Ikisimama wiki mbili, bwawa lako ni kitalu.

"Hatulitumii, kwa hiyo halina shida"

Hii inaniumiza zaidi upande wa Moshi. Kuna nyumba nzuri sana kule zinazofunguliwa Desemba, familia ikirudi nyumbani kwa Krismasi, na miezi kumi na moja inayobaki yupo mlinzi na mbwa. Bwawa linakuwa la kijani kufikia Februari. Mwenye nyumba yuko Dar au nje ya nchi, haumwi na mbu hata mmoja. Anayeumwa ni mlinzi, na jirani wa ukuta wa pili mwenye mtoto mchanga.

Mnaoona nakuza mambo, tazameni kilichotokea Bakersfield, California, mwaka 2007. Watu walishindwa kulipa mikopo ya nyumba, wakahama, mabwawa yakaachwa. Watafiti walihusisha mabwawa hayo na ongezeko la asilimia 276 la wagonjwa wa virusi vya West Nile kiangazi kile. Huko ni ugonjwa wao, lakini mdudu ni wa ukoo uleule wa Culex, na bwawa lililoachwa ni bwawa lililoachwa popote.

Wengine wanadhani dawa ni kulikausha. Bwawa tupu halibaki tupu masika. Mvua inajaa upande wa kina kirefu, majani yanaangukia humo, na pale ndipo nimewahi kuchota viluwiluwi wengi kuliko mahali pengine popote. Tena, ardhi ikiwa imelowa, maji ya chini yanaweza kuliinua bwawa tupu au kupasua sakafu yake. Mlipe mlinzi au kijana wa jirani awashe pampu kila siku, aondoe majani kwa wavu, aweke dawa kwa kipimo. Kama hutaki gharama hiyo kabisa, lifukie, kisha panda bustani. Nasema kwa nia njema.

"Mbu wote hawa wanatoka bwawani"

Mara nyingi si kweli, na watu hawapendi kuambiwa hivyo kwa sababu bwawa ndilo wanaloliona. Nikifika nyumbani kwa mtu mwenye maji masafi na pampu inayofanya kazi, lakini anang'atwa, sipotezi muda bwawani. Naenda kwenye karo la maji taka. Culex wanayapenda maji machafu kuliko masafi, na karo lenye mfuniko uliopasuka au bomba la hewa lisilo na wavu linatoa mbu kila jioni mwaka mzima. Funga wavu mdogo juu ya bomba, ziba nyufa za mfuniko kwa saruji, urudi uniambie. Kule Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo ya vyoo yalimwagiwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea zikafunika uso wa maji, na mbu wakapungua sana, kwa sababu viluwiluwi walikosa pa kuvutia hewa. Hakuna sumu iliyotumika kwenye mashimo yale.

Kisha nazunguka bwawa lenyewe. Turubai la kufunikia bwawa, lililobonyea katikati na kushika maji ya mvua. Ndoo za kuchezea watoto. Sahani za chini ya vyungu vya maua. Mifereji ya bati iliyoziba kwa majani. Shimo dogo ndani ya chumba cha pampu ambalo hakuna aliyelitazama tangu nyumba ijengwe. Simtanki lisilo na mfuniko. Hata makwapa ya majani ya migomba na magimbi yanashika maji ya kutosha kulea Aedes, na Aedes ndiye anayeuma mchana wakati mmekaa pembeni ya bwawa. Yeye ndiye aliyebeba homa ya dengue iliyoitesa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mayai yake anayabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakisubiri mvua. Kwa hiyo ndoo usiimwage tu. Isugue.

Na kuna kosa la mafundi wenzangu ambalo sitalinyamazia. Maji ya kuoshea chujio yanaachiwa nyuma ya ukuta, yanatuama kwenye udongo juani. Klorini ikiisha, ambayo ni suala la siku moja au mbili, kinachobaki ni dimbwi la maji maangavu lenye jua, na hicho ndicho Anopheles arabiensis anachokitafuta. Ni kweli mikoa ya Arusha na Kilimanjaro ni miongoni mwa yenye malaria kidogo zaidi nchini, lakini mbu wenyewe wapo, hasa tambarare za Moshi chini kwenye mashamba ya mpunga. Chimba shimo la kokoto, au peleka bomba kwenye mfereji unaotiririka.

Yaliyobaki nayapitia haraka.

Kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachotoa mlio wa kufukuza mbu hakifanyi kazi. Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, walipitia tafiti kumi za uwandani mwaka 2007, wasione kikipunguza mbu wanaotua mwilini. Taa ya buluu inayokaanga wadudu nayo: huko Delaware, Marekani, katika utafiti uliochapishwa 1996, kati ya wadudu 13,789 waliokaangwa, wanaouma walikuwa 31 tu. Wengine ni nondo na wadudu wasio na kosa lolote.

Kupuliza moshi wa dawa bustani nzima kunaua mbu waliopo saa ile. Kesho yake wanakuja wa kwa jirani, na viluwiluwi hawakuguswa. Tena mbu wa Moshi chini wameshaonyesha usugu kwa dawa za kundi la pairethroidi, na dawa nyingi za kupuliza nyumbani ni za kundi hilo. Kabla ya sherehe, puliza ukipenda. Usiite huo udhibiti.

Mchaichai ukiwa umesimama shambani haufukuzi mtu wala mbu. Ukiponda majani ukajipaka unapata nafuu ya muda mfupi. Panda kwa ajili ya chai.

Oili chafu ndani ya bwawa, nakusihi usithubutu. Inaharibu mipira ya pampu, inatia doa vigae, na maji hayo ukiyamwaga yanakwenda kwenye udongo na mifereji ambayo watu wa chini wanaitumia kumwagilia mboga. Samaki nao wanakula viluwiluwi kweli, perege wadogo wanafanya kazi hiyo vizuri kwenye bwawa la bustani, lakini klorini itawaua siku hiyohiyo.

Kwa maji ambayo huwezi kuyamwaga wala kuyazungusha, ipo dawa ya kibaolojia, bakteria wa Bti, na inatengenezwa hapa kwetu, Kibaha. Kiluwiluwi anaila, inamharibu tumbo, anakufa, na haidhuru mbwa wala ndege. Ila lazima aile. Pupa hali kitu, kwa hiyo ukikuta pupa wamejaa, Bti haitawagusa. Chota maji hayo uyamwage juu ya udongo mkavu, kisha weka Bti kwa ajili ya watakaofuata. Hakikisha ina usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, na irudie kwa muda ulioelekezwa, kwa sababu nguvu yake haidumu msimu mzima.