Usalama wa Vidole Huanzia Kwenye Penseli

Wazazi wanaowaleta vijana wao kwetu kujifunza useremala huuliza kwanza habari za mashine: je, ni za hatari? Ni za hatari, ndiyo. Lakini ukifuatilia ajali ya karakanani hatua kwa hatua kurudi nyuma, mara nyingi utakuta ilianza kabla swichi haijawashwa. Kijana alichora kitu kilichomlazimu kushika kipande kifupi kuliko kiganja chake mbele ya meno ya msumeno. Au hakuchora kabisa, akawa anafikiri huku anakata.

Tuchukue kazi ndogo inayomfaa mwanafunzi wa kidato cha pili anayesoma Teknolojia na Ubunifu katika mtaala wa sekondari wa Uganda ulioanza 2020: kigoda cha bibi yake cha kupikia. Wengi hukimbilia kuiga kigoda walichokiona dukani. Aende kwanza kwa bibi na futikamba, akae pale bibi anapopika, atazame. Sigiri iko chini, kwa hiyo kigoda cha sentimita 45 kitamfanya bibi ainame mpaka mgongo umuume. Cha sentimita 20 nacho kitamfaa akiwa amekaa, ila kuinuka kutakuwa shida kwa mtu mwenye magoti mabovu. Hapo ndipo ubunifu unapoanza, kwenye mahitaji mawili yanayovutana. Mwanafunzi ataamua labda sentimita 30, kisha aache tundu la mkono kwenye kikalio ili kibebeke kwa mkono mmoja. Sakafu ya jiko ni ya udongo na si tambarare, basi miguu mitatu ni bora kuliko minne, maana kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi popote utakapokiweka. Wazee wetu walilijua hilo bila darasa.

Baada ya hapo achore michoro mitatu au minne ya haraka, achague mmoja, atengeneze mfano kwa boksi la biskuti. Boksi halina gharama na halikati mtu. Kisha achore kigoda kwa ukubwa wake kamili, kikionekana kwa ubavu, kwa chaki sakafuni au juu ya ubao mpana. Mchoro wa ukubwa kamili humpa pembe ya miguu bila hesabu yoyote, anaipima moja kwa moja.

Sasa aketi na mchoro huo ajiulize kila kipande kitashikwaje wakati wa kukatwa. Ningependa walimu watumie muda mrefu hapa kuliko mahali pengine popote. Miguu iliyolala kidogo inahitaji matundu ya pembe, na keekee ya kutobolea huteleza inapoingia kwenye ubao kwa mshazari. Basi kikalio kifungwe kwa klampu mezani, na kando yake kisimamishwe kipande kilichokatwa kwa pembe ileile, jicho likifuate wakati wa kutoboa. Vichwa vya miguu vitakazwa kwa kabari. Kabari ni kidude cha sentimita tatu nne, na kukikata kwa msumeno wa mashine ni kuutafutia mkono balaa. Ichongwe kwenye ncha ya mti mrefu kwa msumeno wa mkono, itenganishwe mwisho kabisa. Itakapopigwa nyundo, ikae kukingama nyuzi za kikalio, la sivyo kikalio kitapasuka.

Vivyo hivyo kwa vipande vyote: piga randa, nyoosha na toboa ubao ukiwa bado mrefu, kisha ndipo ukate. Mpangilio huo uandikwe kwenye orodha ya vipande, pamoja na unene utakaoliwa na randa na upana unaoliwa na msumeno wenyewe, ambao kwa mashine hukaribia milimita 3 kila mkato. Asiyeandika hayo hufika mwisho akiwa na mguu mfupi, halafu hujaribu kuokoa kazi kwa kukata vipande vidogo vidogo kwa haraka, ambayo ndiyo kazi ya hatari kuliko zote.

Mbao zenyewe, iwe umezinunua soko la mbao la Ndeeba, Kampala, au zimepita mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo, ziulizwe zilikatwa lini. Mti mbichi husinyaa kwa upana, na kufuata duara za ukuaji husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kiini, ila kwa urefu haubadiliki sana. Ukiunganisha mbichi, viungo vitalegea. Mbao kuukuu za ujenzi ni kavu na bei yake nzuri, lakini pitisha sumaku juu yake kwanza. Msumari mmoja uliojificha unatosha kuvunja jino la msumeno na kulirusha usoni.

Kwenye vifaa vya mkono, patasi butu ndiyo adui. Haiingii, kijana anaongeza nguvu, inateleza. Inolewe kwenye kinoo kwa takriban nyuzi 30, na wakati wa kazi mikono yote miwili ikae nyuma ya makali. Kipande kibanwe kwenye jiliwa, yaani kibanio cha mezani, kamwe kisishikwe pajani. Randa ilazwe ubavu.

Mashine zinataka adabu nyingine. Msumeno wa duara wa sentimita 25 unaozunguka mara 3,000 kwa dakika hupeleka kila jino kwa kasi ya karibu mita 39 kwa sekunde, yaani kilomita 140 kwa saa, mwendo ambao hata dereva wa basi la usiku la Arua angeuogopa. Ubao ukijipinda na kubana nyuma ya msumeno, hurushwa kwa kasi kubwa kumwelekea anayeusukuma. Ndiyo maana watengenezaji huweka bapa la chuma nyuma ya msumeno, kuuzuia mpasuo usijifunge, na kinga juu yake. Katika karakana nyingi za mitaani mashine imeundwa kwa mota na meza ya chuma, na vitu hivyo viwili havipo. Mwanafunzi asiiguse mashine ya namna hiyo, hata fundi akimwambia ameitumia miaka mingi bila kuumia. Kwenye mashine iliyo kamili, asimame pembeni ya mstari wa msumeno, asukume mwisho wa ubao kwa kijiti, si kwa vidole. Glavu zivuliwe karibu na chochote kinachozunguka, maana huvuta mkono ndani. Leso, tai, rozari, tasbihi na nywele ndefu vifungwe au viachwe nje.

Halafu kuna umeme wetu. Unakatika katikati ya mkato, watu wanaondoka kwenda kunywa chai, swichi imebaki imewashwa. Unaporudi, mashine inaanza yenyewe, pengine mtu akiwa ameinama anafagia maranda chini yake. Umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kuzima swichi ya mashine na kuchomoa plagi. Kubadilisha msumeno au biti pia kufanywe plagi ikiwa imechomolewa na kuonekana kwa macho.

Vumbi halitoi damu, kwa hiyo hupuuzwa. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. La mvule huwasha ngozi na kubana kifua mapema zaidi. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia chembe kubwa tu, zile laini hupita. Vaa barakoa ya vumbi inayobana uso, piga msasa nje penye upepo, nyunyiza maji kabla ya kufagia. Kwa walioajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kinga.

Mtu akikatika, bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono, nenda kituo cha afya na uulize sindano ya pepopunda. Majivu, kahawa na mafuta ya taa havina kazi hapo. Kidole kikitengana, kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko ndio uwekwe kwenye barafu, si kidole chenyewe.

Shule zinazopanga kuanzisha karakana hutuuliza wanunue mashine gani kwanza. Jibu letu huwaudhi kidogo: jiliwa imara moja kwa kila wanafunzi wawili, klampu za kutosha, vinoo, miwani ya kinga, na meza ya kuchorea. Msumeno wa umeme usubiri mpaka pawepo fundi mwenye cheti wa kuusimamia kila unapowashwa.