Yule kamanda wa Kijerumani "muungwana"

Kuna ujumbe usiokwisha kuzunguka kwenye magrupu: eti Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani aliyepigana Afrika Mashariki mwaka 1914 hadi 1918, hakushindwa, aliwapenda askari wake weusi na hakumwonea raia.

Ni kweli alisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Lakini jeshi lake lilikula nini miaka yote hiyo? Nafaka na ng'ombe wa wanavijiji. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi kwa kulazimishwa, wakafa kwa njaa, maradhi na uchovu. Ugogo, yaani eneo la Dodoma, Wajerumani na kisha Waingereza walizoa mifugo, chakula na vijana. Mvua nayo ikakata, ikaja njaa ya Mtunya. Waulize wazee wa Dodoma walichosimuliwa, ulinganishe na vitabu vya historia.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu sifa nyingi alijiandikia mwenyewe, na miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi iliwalipa askari wake weusi waliosalia. Sawa, ila askari si mpagazi, wala si mkulima aliyenyang'anywa ghala.

Ukiupata tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.