Jiko la mita 1.9: kazi ya Margarete Schütte-Lihotzky

Kati ya wasanifu majengo wa Austria wa mwanzo wa karne ya 20, ninayemthamini kuliko wote ni Margarete Schütte-Lihotzky. Alizihesabu hatua za mpishi kabla ya kuchora ukuta. Alizaliwa Vienna mwaka 1897, akasomea huko huko, kisha akafanya kazi na msanifu majengo Adolf Loos katika makazi ya watu wa kipato kidogo. Mwaka 1926 Ernst May, msanifu aliyesimamia ujenzi wa jiji la Frankfurt, alimwita huko Ujerumani, katika jiji lililokuwa likijenga maelfu ya nyumba za wafanyakazi.

Jiko alilolibuni huko lilikuwa na upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Wembamba huo ulikusudiwa. Alipima kwa saa muda wa kila kazi, akachunguza pia majiko ya mabehewa ya treni, ili mpishi afikie pande zote mbili kwa kugeuka tu. Meza ya kukatia iko chini ya dirisha, na stuli ya kuzunguka mbele yake; maganda husukumwa moja kwa moja kwenye droo ya taka. Kichanja cha vyombo kiko kushoto kwa sinki, maana anayeosha kwa mkono wa kulia hushika sahani kwa kushoto. Mchele na sukari vina droo ndogo za alumini zenye mdomo wa kumiminia, lakini ya unga ni ya mwaloni, kwa kuwa tanini, kemikali chungu iliyomo katika mti huo, hufukuza funza. Mlango wa kusukuma pembeni unaelekea sebuleni, mama awaone watoto.

Majiko kama 10,000 yalifungwa. Kasoro yake ilitokana na vipimo vile vile: yalikuwa ya mtu mmoja. Wakiingia wawili wanagongana, na droo za alumini zilikaa chini kiasi kwamba mtoto mdogo alizifikia.

Mwaka 1930 alikwenda na May Umoja wa Kisovyeti, baadaye Istanbul. Alirudi Vienna mwishoni mwa 1940 kuonana na wapinzani wa Wanazi, akakamatwa Januari 1941, akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Alitoka gerezani vita vilipokwisha mwaka 1945.

Kwa kuwa alikuwa mkomunisti, baada ya vita serikali ilimpa kazi chache mno. Jiji la Vienna lilimpa shule mbili za chekechea, na kwa ujuzi aliokuwa nao wa majengo ya watoto, angestahili kupewa nyingi.